Sufuria Wazi na Taa Iliyozimwa: Nishati ya Nyumbani Hupotelea Wapi

Mhadhara wa wazi uliotolewa Morogoro mbele ya walimu, wanafunzi na wakazi wa mji. Umechapwa pamoja na maneno ya pembeni yaliyosemwa ukumbini.

 

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuokoa nishati majumbani kwa mazoea madogo ya kila siku. Somo hili mmeshalisikia mara nyingi, na kwa kawaida husemwa hivi: zima taa, chomoa chaja, kuwa mwangalifu. Baada ya hapo watu hupiga makofi na kurudi nyumbani, na mwezi unaofuata LUKU inaisha tarehe ileile. Kusudi langu leo ni kuonesha kwa nini hali huwa hivyo. Mazoea madogo hayalingani uzito. Yapo ambayo ni madogo kuyafanya lakini matokeo yake ni makubwa, na yapo ambayo ni madogo kuyafanya na matokeo yake ni madogo vilevile. Dai langu ni kwamba katika nyumba za Watanzania nishati nyingi hupotelea pale joto linapotengenezwa au linapoondolewa, na hasa juu ya jiko. Kwa hiyo anayeshika mwiko ana uwezo wa kuokoa zaidi kuliko anayeshika swichi, ingawa mihadhara ya namna hii humwendea zaidi mwenye swichi.

Sisi wa Morogoro tuna haki ya kulisemea jambo hili. Mitambo ya Kidatu, megawati 204, iko mkoani kwetu. Kihansi, megawati 180, iko mpakani mwetu na Iringa. Maji mengi ya Mto Rufiji hutoka bonde la Kilombero, na ndiyo yanayozungusha mashine tisa za Bwawa la Julius Nyerere, kila moja megawati 235, jumla megawati 2,115. Wakati huohuo, simama kando ya barabara ya kwenda Dar es Salaam uhesabu magunia ya mkaa. Mkoa mmoja unatoa umeme, unatoa na mkaa, na sehemu ya vyote viwili huenda kutengeneza joto ambalo haliingii katika chakula cha mtu yeyote.

Nina hoja tano. Hazilingani urefu, na ya pili ndiyo iliyonileta.

Hoja ya kwanza: mtu ajue uniti moja inafanya kazi gani

Uniti moja ya umeme ni kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja. Basi tuigawe. Kwa uniti moja, taa ya LED ya wati 9 itawaka zaidi ya saa 110. Simu ya kawaida utaichaji mara kama hamsini. Feni ya wati 60 itazunguka saa 16. Sasa tugeuke upande wa pili: hita ya kuogea inayopasha maji papo kwa papo, ya wati 4,500, itaimaliza uniti hiyo kwa dakika 13, kabla kijana wako hajamaliza kuimba bafuni.

Mwanafizikia wa Cambridge, David MacKay, aliyefariki mwaka 2016, aliifanya hesabu ya namna hii kwa nchi yake ya Uingereza katika kitabu alichokitoa mwaka 2008. Alionesha kwamba kuchomoa chaja ya simu kwa siku nzima kunaokoa nishati sawa na ile inayotumiwa na gari kwa sekunde moja ya mwendo. Hakuwa anawaambia watu waache kuchomoa chaja. Alichokipinga ni mtu kuchomoa chaja, akaona amemaliza wajibu wake, kisha akapanda gari. Kwetu hesabu haibadiliki sana: chaja inayokula nusu wati bila simu haifikishi nusu uniti kwa mwezi mzima. Wazazi, msigombane na watoto kwa ajili ya chaja. Gombaneni kwa mambo mengine, yapo mengi.

Taa nayo zamani ilikuwa mzigo wa kweli. Balbu ya waya ya wati 60 ilitoa mwanga unaotolewa leo na LED ya wati 9, na karibu nguvu yake yote ilikuwa joto. Wengi wetu tulishaibadilisha, na tangu tulipoibadilisha taa imetoka katika orodha ya maadui wakubwa. Kuzima taa bado ni adabu njema. Ila anayedhani bili yake iko kwenye taa anatafuta mahali pasipo na kitu.

Kuna kifaa kimoja kinyamavu ambacho lazima nikiseme: king'amuzi cha televisheni. Ukivizima kwa rimoti, vingi huendelea kula wati 10 au zaidi usiku na mchana. Wati 10 kwa siku 30 ni uniti 7.2. Kwa nyumba inayojibana ibaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi, na imelipiwa wakati watu wamelala. Zima ukutani.

Msiniamini kwa maneno. Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima kadiri umeme unavyopita, na usoni mwa mita pameandikwa idadi ya kuwaka huko kwa uniti moja. Nyingi huandikwa 1,000. Zima kila kitu, kisha washa kimoja kimoja na uhesabu. Ukiwasha birika la umeme la wati 2,000, taa ile itawaka kila baada ya sekunde mbili pungufu kidogo. Ukiwasha LED ya sebuleni, utasubiri karibu dakika saba kabla haijawaka mara moja. Mwanafunzi aliyeiona tofauti hiyo kwa macho yake hahitaji mhadhara wangu.

Hoja ya pili: maji yakishachemka, moto mkubwa hauivishi haraka zaidi

Hapa naomba mnivumilie nikae, maana ndipo penye mali.

Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25, kama yanavyotoka bombani kwetu, hadi nyuzi 100 kunahitaji kama kilojuli 314, yaani chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya uniti. Yakifika 100 yanagoma kupanda. Ongeza mkaa, fungua gesi mpaka mwisho, yatabaki palepale. Kinachoongezeka ni mvuke. Na mvuke ni ghali. Kuigeuza lita hiyohiyo yote iwe mvuke kunakula kilojuli 2,257, zaidi ya mara saba ya kazi ya kuifikisha kwenye kuchemka. Harage lililomo ndani halina habari kama huko juu maji yanatokota kwa fujo au yanachemka taratibu. Linaiva kwa nyuzi, na nyuzi ni zilezile.

Sasa chukueni maharage ya Jumapili. Kilo moja kavu, sufuria wazi, saa mbili na nusu motoni, maji yanaongezwa mara tatu au nne kwa kikombe. Kila kikombe unachoongeza ni risiti ya kikombe kilichokwenda hewani. Zikipotea lita mbili, uniti moja na robo ya joto imekwenda nazo. Jiko la mkaa la bati la kawaida hufikisha sufuriani kama robo ya joto lake, mara nyingi pungufu, kwa hiyo upotevu huo ni zaidi ya nusu kilo ya mkaa iliyotumika kuloanisha dari. Na mkaa huo wenyewe ulitoka kwenye tanuri la udongo huko porini, ambako kilo moja ya mkaa hutumia kilo sita mpaka kumi za kuni. Mfuniko usiowekwa leo jikoni Kihonda ni mzigo wa kuni uliokatwa Kilosa.

Nasikia mama pale anasema: "Yakifunikwa yanafurika!" Ni kweli, mama, yanafurika. Yanafurika kwa sababu moto umezidi. Hicho ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa hakihitaji mita wala mwalimu: punguza moto mpaka sufuria iliyofunikwa isifurike, na hapo umefika kwenye moto unaotosha. Kwa jiko la gesi, punguza mpaka ndimi zibaki chini ya kitako cha sufuria. Ndimi zinazolamba ubavuni zinapasha hewa. Kwa jiko la mkaa, ziba kile kidirisha cha chini chakula kikishachemka. Kidirisha kile kiliwekwa kwa kazi hiyo, lakini katika majiko mengi niliyoyaona kimeshika kutu kikiwa wazi.

Wapishi wa pilau wa pwani walilijua hili bila kilojuli. Maji yakikaribia kukauka wanapunguza makaa chini, wanafunika, wanapalia makaa machache juu ya mfuniko, na wali unamalizika kuiva kwa mvuke wake wenyewe. Hakuna anayekoleza moto kwenye hatua hiyo, na akikoleza watu wataujua ukoko. Ajabu ni kwamba mpishi huyohuyo akigeukia maharage huusahau ujuzi wake wote.

Maharage yana mambo mengine mawili. La kwanza ni kuyalowesha usiku. Yakikaa majini tangu jioni mpaka asubuhi huingiza maji yanayohitajika bila moto wowote, na muda wa jikoni hupungua sana. Maji yale ya kuloweshea yamwage, tumbo litakushukuru. La pili ni mwinuko. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi pungufu, kama nyuzi moja kwa kila mita 300. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, na ndiyo maana shemeji zetu wa huko wanalalamika kwamba maharage ni magumu. Maharage hayana kosa.

Dawa ya mwinuko, na ya haraka kwa ujumla, ni sufuria la presha. Mvuke ukibanwa, nyuzi hupanda hadi 115 au 120, na kilichokuwa cha saa mbili kinakuwa cha chini ya saa moja. Haya ya umeme yanayouzwa siku hizi yana faida ya ziada, kwamba yamezungushiwa kizuia joto na yanajizima yenyewe presha ikitosha; sehemu kubwa ya muda wa kupika hayali umeme kabisa. Bei yake bado inaumiza. Kwa asiyeweza, kuna kitu cha karibu bure: kapu kubwa au boksi lililojazwa nguo kuukuu, magazeti au majani makavu. Chemsha maharage yaliyolala majini, yachemke kweli kwa dakika zisizopungua 15, kisha tia sufuria na mfuniko wake ndani ya kapu, funika kwa mto, nenda kazini. Joto lililokwisha kulipiwa litaendelea kuivisha. Ulaya walipika hivi wakati wa Vita vya Dunia, makaa ya mawe yalipoadimika. Zile dakika 15 za mwanzo msizikate, hasa kwa maharage mekundu: yakiwa mabichi yana sumu ambayo huvunjwa na mchemko wa kweli, na vuguvugu haliiwezi.

Birika la umeme nalo lisiachwe. Watu wawili wanataka chai, nusu lita inatosha, birika linajazwa lita 1.7. Lita 1.2 za ziada zinakula kama sehemu moja ya kumi ya uniti na kitu kidogo juu, kisha zinapoa zikisubiri mtu azichemshe upya. Asubuhi na jioni kwa mwezi, ni zaidi ya uniti sita. Chemsha unachokunywa. Au fanya walivyofanya bibi zetu: jaza, chemsha, mimina kwenye chupa ya chai. Chupa ile, yenye kuta mbili na utupu katikati, ilibuniwa na James Dewar mwaka 1892 kwa kazi za maabara, na nadhani hakuna maabara iliyoitumia vizuri kuliko sebule ya Mtanzania mwenye wageni.

Kwa wanaotumia mkaa, na bado ni wengi, naongeza jambo moja la mwisho wa upishi. Chakula kikishuka, makaa yaliyobaki huachwa yaungue yaishe, au humwagiwa maji yakawa chepechepe. Yatie kwenye kopo au ndoo ya bati yenye mfuniko unaobana. Yatazimika kwa kukosa hewa na kesho yatawaka upesi kuliko mkaa mpya. Au bandika maji ya kuoga palepale, jiko likiwa bado la moto. Jiko lenyewe likiwa lile la udongo ndani, bora zaidi. Lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wabunifu wakiazima wazo kutoka Thailand, na likitunzwa hupunguza mkaa kwa theluthi au hata nusu. Lakini nisikilizeni vizuri hapa: jiko lenye makaa, hata yaliyofifia, lisiingie chumbani mnamolala eti linapasha joto. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Uchumi wako ufanyie nje.

Hoja ya tatu: friji halitengenezi baridi

Friji hulihamisha joto kutoka ndani na kulitupa nyuma. Mkilielewa hivyo, mengine yanajieleza. Lililobanwa ukutani au kuwekwa ubavuni mwa jiko halina pa kulitupia joto, kwa hiyo linanguruma mchana kutwa. Chungu cha mchuzi wa moto ukikiingiza, unalilipa friji liondoe joto ambalo lingeondoka lenyewe kama ungesubiri kipoe mezani, mradi usikisahau zaidi ya saa mbili. Barafu ikishonana kwenye kuta za friza inazuia joto lisipite. Iyeyusheni, wala msiikwangue kwa kisu, maana mtatoboa bomba la gesi. Mpira wa mlango upimeni kwa karatasi: ifungie mlangoni, ivute, ikitoka bila ubishi, baridi nayo inatoka hivyohivyo.

Wapo wanaolizima friji usiku ili waokoe. Kinachookolewa ni kidogo, na kinapatikana kwa njia moja tu: chakula chako kimepata joto. Asubuhi friji linaanza kazi ya kulitoa tena. Friji la kawaida la nyumbani hutumia kama uniti moja kwa siku. Mkitaka kulipunguzia, acheni kulifungua kila dakika kumi kutafuta maji baridi.

Na kwa maji baridi tuna mtungi. Ule mvuke niliokuwa nikiulaani kwenye sufuria ndio unaofanya kazi ya heri hapa: maji yanapenya udongo, yanakauka nje, na yakikauka yanabeba joto la yaliyobaki ndani. Dodoma kwenye hewa kavu mtungi hupoza vizuri, Tanga kwenye unyevu hupoza kwa shida, sisi tuko katikati. Mtungi wa kunywea hulipunguzia friji safari nyingi za mlango.

Kiyoyozi nitakipita haraka kwa kuwa wengi hapa hatuna. Kwa walio nacho: cha chumba kimoja hula kama feni kumi na mbili au zaidi. Kiwekeni nyuzi 26, washeni na feni, mtalala vizuri bila blanketi. Anayelala na blanketi chini ya kiyoyozi Dar es Salaam analipa mara mbili.

Hoja ya nne: aliye jikoni siye anayelipa

Nimezungumza kana kwamba nyumba ni mtu mmoja. Sivyo ilivyo. Katika nyumba nyingi za mjini anayenunua umeme na gesi ni baba au mama aliye kazini, na anayepika ni dada wa kazi. Dada huyu hajawahi kuoneshwa tokeni wala kuambiwa mtungi wa gesi unauzwaje. Anachojua ni kwamba gesi ikiisha mapema atagombezwa. Nani ataokoa kitu kwa namna hiyo? Mketisheni, mwonesheni taa ya mita, mwambieni mtungi ukivuka wiki mbili zaidi ya kawaida kuna chake. Nina hakika hiyo ni njia ya haraka kuliko kampeni yoyote ya mabango.

Kisha zipo nyumba za kupanga. Vyumba sita, mita moja, kila mtu anachanga sawa. Hapo anayezima na asiyezima wanalipa kilekile, kwa hiyo hakuna anayezima. Ugomvi huanza kwa mwenye friji, ukaja kwa anayepiga pasi nguo za watu, ukaishia kwa mwenye nyumba. Lakini hasara kubwa haionekani kwenye ugomvi. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, wateja wadogo wa kundi la D1, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, walilipa shilingi 100 kwa uniti, na wa kundi la T1 walilipa 292, kabla ya kodi na tozo. Fikirini wapangaji sita wanaotumia uniti 30 kila mmoja. Kila mmoja peke yake ni mteja mdogo. Angekuwa na mita yake na akaingia kundi hilo angelipa shilingi 3,000. Wakikusanywa kwenye mita moja ni uniti 180, mita inakuwa ya T1, na sehemu ya kila mmoja inafika 8,760. Wamekuwa maskini sita wanaolipa bei ya tajiri mmoja, na hakuna taa watakayoizima itakayoziba pengo hilo.

Kwa hiyo zoea dogo kuliko yote katika nyumba ya kupanga linaweza kuwa kikao. Fungeni mita ndogo ya kuhesabu kwa kila chumba, hata kama mita ya mbele ni moja, ili kila mtu alipe alichotumia. Na mwenye nyumba anayeweza kuomba mita tofauti, aombe. Najua wenye nyumba mpo humu. Sitawataja.

Hoja ya tano: na sasa umeme upo, tuokoe wa nini?

Mzee mmoja ameniuliza hivyo mlangoni kabla hatujaanza, na swali lake ni la haki. Tuliumia mwaka 2006 bwawa la Mtera lilipokauka, tukaumia tena 2011, na mwishoni mwa 2023 mgawo wa umeme ukarudi. Mwezi Februari 2024 mashine ya kwanza ya Rufiji ikaanza kuzalisha, na wimbo ukabadilika. Basi kwa nini mtu afunike sufuria?

Jibu langu la kwanza ni la mfukoni: bwawa likijaa, tokeni yako haishuki bei. La pili ni la mtaani. Umeme wa kutosha Rufiji haumaanishi transfoma ya mtaa wenu inatosha saa mbili usiku, wakati pasi, birika, hita na majiko ya umeme vimewashwa kwa pamoja na taa zinafifia. Kupiga pasi nguo za wiki nzima Jumamosi asubuhi, kwa mkupuo mmoja pasi ikiwa imeshapata moto, kunampunguzia mzigo jirani ambaye humjui. La tatu nimeshalisema: mkaa hautoki bwawani.

Wasomi wataniuliza kuhusu Jevons, Mwingereza aliyeandika mwaka 1865 kwamba injini zilizokula makaa ya mawe kwa uangalifu zaidi ziliishia kuongeza matumizi ya makaa hayo nchini mwake, kwa kuwa kazi ilikuwa rahisi na watu wakaitaka zaidi. Huenda hata kwetu mama aliyeokoa gesi kwenye maharage atawapashia watoto maji ya kuoga asubuhi ya Juni, jambo ambalo hakuliweza zamani. Mimi silioni hilo kuwa upotevu. Watu ambao hawajawahi kuwa na nishati ya kutosha wakiokoa hapa wakatumia pale, maisha yao yamepata nafuu, na hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa yaliyo mbele yetu. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Hao ni mamilioni ya wapishi watakaohamia gesi na umeme, na kila mmoja atahama na mazoea yake. Anayechemsha maharage wazi kwenye mkaa atayachemsha wazi kwenye umeme, ataona uniti zinavyoyeyuka, na ndani ya mwezi atarudi kwenye gunia lake akisema umeme ni wa matajiri. Muuzaji wa jiko jipya akimwonesha mteja kifaa bila kumwonesha mfuniko, amefanya nusu ya kazi.

Ninalo ombi kwa walimu wa sayansi mliomo humu. Muhula ujao, kila mwanafunzi wa kidato cha pili aandike namba ya LUKU ya nyumbani kwao kila Jumapili jioni kwa wiki nne. Wiki mbili za kwanza wasibadilishe chochote. Wiki mbili za pili wafunike, waloweshe, wazime king'amuzi ukutani. Wanaotumia mkaa wapime kwa ndoo. Leteni madaftari hayo hapa, hata yale yatakayoonesha kwamba nimekosea, na ninaomba Mwenyekiti atutengee ukumbi tuyasome mbele ya wazazi wao, na watu wa TANESCO waalikwe wakae mstari wa mbele. Wapangaji wa mita moja mje na hesabu zenu pia.

 Muda wa maswali umefika, na naona yule mama wa maharage hajaridhika bado. Mpeni kipaza sauti, tuanze naye.